Kwa posta, sandukuni, mapema au siku yenyewe? Njia nne za kupiga kura Marekani kwa mtu ambaye jina lake huandikwa vibaya

Tarehe 3 Novemba 2026 Marekani inachagua Baraza lote la Wawakilishi, karibu theluthi moja ya Seneti na magavana wa majimbo 36. Kila msimu kama huu, kwa Wakenya wa Minnesota na Texas, Wakongo na Warundi wa Iowa na Maine, Watanzania wa Houston, yaani wote walioapa uraia, swali huwa lile lile: nipige kwa posta au niende mwenyewe?

Majibu yanayotolewa haraka huwa ya kisiasa. Huyu anasema posta ni mlango wa wizi, yule anasema haina kasoro hata moja. Hakuna anayemsaidia mtu ambaye cheti chake cha uraia kimeandikwa Ng'ang'a, leseni yake ya udereva Nganga, na daftari la wapiga kura Ng Ang A. Kwake yeye swali la maana ni jingine: kosa lililomo kwenye rekodi yangu litanikamata wapi, mbele ya nani, na nitakuwa na siku ngapi za kulirekebisha? Njia nne zilizopo zinatofautiana sana kwenye hilo.

Kabla ya yote: haya ni ya raia. Mwenye grinkadi, mwenye hifadhi ya muda, mwenye viza ya masomo asijiandikishe, hata kama karani wa ofisi ya leseni amemsukumia fomu na kumwambia "weka saini hapa". Ni kosa la jinai la shirikisho kwa asiye raia kupiga kura ya Rais au Bunge, na faili la uhamiaji likishachafuka hivyo ni shida kulisafisha.

Makosa yenyewe ni yapi

Mwaka 2012 taasisi ya Pew ilikadiria kwamba usajili milioni 24 hivi nchini humo, takriban mmoja katika kila minane, ulikuwa batili au una makosa makubwa. Marehemu zaidi ya milioni 1.8 walikuwa bado kwenye daftari, na watu wapatao milioni 2.75 walikuwa wameandikishwa katika zaidi ya jimbo moja. Takwimu hizo zimenukuliwa mno na watu wanaotaka kuonyesha kwamba kura zinaibwa. Lakini jina la marehemu kubaki daftarini ni jambo moja, na mtu kupiga kura kwa jina hilo ni jambo jingine. Anayehama kutoka Ohio kwenda Texas mara chache hukumbuka kupiga simu Ohio aombe afutwe.

Makosa yanayotupata sisi yana sura zake. La kwanza ni majina. Mtu wa majina matatu (la kwake, la baba, la babu) anafika kwenye kompyuta yenye visanduku vya "jina la kwanza", "la kati" na "la mwisho", na kila ofisi inapanga inavyojua. Uhamiaji wanaweka la babu mwisho, ofisi ya leseni inaunganisha mawili ya mwisho, benki inalitupa la kati. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2002, iliyotungwa baada ya vurugu za kuhesabu kura za urais Florida mwaka 2000, inataka kila jimbo liwe na daftari moja la kompyuta na kila mwombaji atoe namba ya leseni au tarakimu nne za mwisho za namba ya soshali (hifadhi ya jamii), kisha zilinganishwe na kumbukumbu za serikali. Georgia ilipoamua kwamba ulinganisho huo uwe herufi kwa herufi, maombi kama 53,000 yaliwekwa pembeni kabla ya uchaguzi wa 2018, mengi yakiwa ya watu weusi. Wahusika waliruhusiwa kupiga kura wakionyesha kitambulisho kituoni, lakini kwanza ilibidi wajue hivyo.

La pili ni tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi waliopitia kambi za Nyarugusu au Kakuma waliandikiwa Januari 1 kwa kuwa tarehe kamili haikujulikana. Wawili wenye jina la kawaida na Januari 1 ya mwaka mmoja wanaweza kuonekana na kompyuta kama mtu mmoja aliyejiandikisha mara mbili. Halafu kuna sisi tunaoandika siku kabla ya mwezi: 04/07 yako ni Julai, yao ni Aprili.

La tatu ni uraia, nalo ni la kuangaliwa kwa jicho kali. Rekodi ya ofisi ya leseni inaweza kubaki na hadhi yako ya siku za grinkadi kwa miaka, kwa sababu hakuna anayekulazimisha kuibadilisha siku unayoapa. Januari 2019 Texas ilitangaza orodha ya watu wapatao 95,000 walioshukiwa kuwa si raia. Siku chache baadaye ikabainika kwamba makumi ya maelfu kati yao walikuwa raia halali walioapa baada ya kuchukua leseni. Walishtaki, jimbo likaachana na zoezi hilo mwezi Aprili. Alabama ilifanya jambo kama hilo mwaka 2024 kwa watu 3,251. Zaidi ya nusu walionekana kuwa na haki ya kupiga kura, na jaji akalisimamisha.

Kuna pia anwani isiyo na namba ya apatimenti, namba ya kitambulisho isiyokuwemo kwenye faili, na saini iliyochukuliwa kwenye kijisahani cha plastiki katika ofisi ya leseni, uliyoandika kwa kalamu isiyotoa wino huku foleni ikikusukuma kwa nyuma. Hiyo ndiyo saini ambayo bahasha yako ya kura inaweza kulinganishwa nayo.

Vigezo

Kila njia nimeipima kwa mambo manne: kosa la daftari linajitokeza wapi, unathibitishwa kwa kitu gani, nafasi ya kurekebisha ikoje, na kura yenyewe inalindwaje baada ya kutoka mkononi mwako. Kisha nani inamfaa. Sheria ni za jimbo, wakati mwingine hata kaunti zina desturi zao, kwa hiyo mifano ninayotoa ni ya majimbo yaliyotajwa tu.

1. Kuipokea kwa posta na kuirudisha kwa posta

*Kosa linajitokeza wapi.* Mezani kwa karani wa uchaguzi, wewe ukiwa haupo. Hapo ndipo ugumu wa njia hii ulipo. Kosa la anwani hujitokeza mapema zaidi, kwa ukimya: karatasi ya kura haiji. Bahasha za kura kwa kawaida hazifuatishwi kwenye anwani mpya kama barua nyingine. Zinarudi kaunti, na jina lako linaweza kuwekwa kwenye kundi la "wasio hai" (usajili uliolala, si waliokufa). Mtu wa kundi hilo bado ni mpiga kura na hafutwi mpaka chaguzi kuu mbili za shirikisho zipite bila yeye kupiga kura wala kujibu barua ya uthibitisho. Lakini katika majimbo yanayomtumia kila mtu karatasi, kama Colorado na Washington, aliye kundi hilo hatumiwi.

*Unathibitishwa kwa kitu gani.* Majimbo yametengana. Washington, Oregon, Colorado na California wanalinganisha saini ya bahasha na iliyo kwenye faili. Georgia tangu 2021 inatumia namba ya leseni au kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa badala ya saini. Minnesota huanza na namba ya kitambulisho na inataka shahidi. North Carolina inataka mashahidi wawili au mthibitishaji wa kiapo, pamoja na nakala ya kitambulisho chenye picha. Pennsylvania ina bahasha mbili, ya ndani ya siri na ya nje ya kiapo, na ukisahau ya ndani kura haihesabiwi.

Texas ndiyo darasa lenyewe la jinsi ulinzi na kosa la daftari vinavyogongana. Sheria ya mwaka 2021 ilitaka namba iliyo kwenye bahasha ifanane na iliyo kwenye rekodi ya mpiga kura. Kwa maandishi ni ulinzi wa busara kuliko jicho la karani kukisia mikunjo ya saini. Lakini mzee aliyejiandikisha miaka 20 iliyopita kwa tarakimu za soshali aliandika namba ya leseni, sahihi kabisa, na daftari halikuwa nayo. Wengine hawakuona kisanduku cha namba kwa kuwa kimejificha chini ya mkunjo wa bahasha. Katika kura za mchujo za Machi 2022, kura za posta zaidi ya 24,000 zilikataliwa, kama asilimia 12 ya zilizorudishwa. Kufikia Novemba mwaka huo kiwango kilishuka hadi chini ya asilimia 3, kwa sababu watu walifundishwa jambo moja dogo: andika namba zote mbili.

Kitaifa hali ni nafuu sana kuliko hiyo. Mwaka 2020, watu wasiopungua wanne katika kila kumi walipopiga kura kwa posta, kura za posta zilizokataliwa zilikuwa karibu asilimia 0.8, na sababu iliyoongoza ilikuwa saini kutofanana. Hata hivyo hazigawanyiki sawa. Ukaguzi wa mkaguzi mkuu wa jimbo la Washington, uliotolewa 2022, uliona kura za watu weusi zilikataliwa mara nne ya za wazungu, na za vijana zilikataliwa zaidi ya za wazee, ingawa haukukuta dalili kwamba makarani waliamua kwa ubaguzi.

*Kurekebisha.* Ukituma mapema, hakuna njia yenye muda mrefu kuliko hii. Ukituma mwishoni, hakuna iliyo na mfupi kuliko hii. Colorado inakupa siku 8 baada ya uchaguzi kuthibitisha saini, na unaweza kumaliza kwa simu ya mkononi kupitia huduma ya TXT2Cure. Washington inakupokea mpaka siku moja kabla ya kaunti kuidhinisha matokeo. Kuna majimbo mengine ambayo hakuna sheria inayomlazimisha karani hata kukuarifu. Na taarifa huja kwa simu, barua pepe au barua ya posta, kwa hiyo namba uliyoandika kwenye fomu iwe ile unayoipokea, na simu ya kaunti usiidhanie ya matapeli ukaikata.

*Ulinzi.* Bahasha ina msimbo wenye jina lako. Ikipokelewa, daftari linakutia alama kwamba umeshapiga, na karatasi ya pili kwa jina hilo haipiti. Karatasi yenyewe haina jina. Hutenganishwa na bahasha kabla ya kufunguliwa na kuhesabiwa. Majimbo mengi yana ukurasa wa kufuatilia kura yako, na Colorado, California na mengine hutuma ujumbe kwenye simu kila bahasha inapopiga hatua.

Udanganyifu wa posta upo, na unajulikana sura yake. Mwaka 2018, katika wilaya ya 9 ya bunge ya North Carolina, wakala wa siasa McCrae Dowless na watu aliowalipa walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya karatasi za kura za watu. Bodi ya uchaguzi ya jimbo ilikataa kuidhinisha matokeo, uchaguzi ukarudiwa 2019. Kilichovunjika pale hakikuwa kompyuta wala saini. Watu walimkabidhi bahasha mtu aliyebisha hodi kwa upole. Jamii yetu ambayo humkabidhi kijana mmoja msomi barua zote za mtaa ilifikirie hili.

Tatizo la mwisho ni kalenda. Baadhi ya majimbo hupokea bahasha zilizochelewa mradi muhuri wa posta uwe wa siku ya uchaguzi au kabla, lakini mlango huo unabanwa: Kansas, North Dakota, Utah na Ohio ziliondoa siku hizo za nyongeza mwaka 2025, na Novemba mwaka huo Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kusikiliza kesi ya Mississippi kuhusu suala hilo hilo. Shirika la posta nalo limeeleza kwamba tarehe ya muhuri inaweza isiwe siku uliyodondosha barua. Ushauri wake wa siku zote ni kutuma wiki moja kabla. Mimi ningesema wiki mbili, kwa sababu wiki ya pili ndiyo ya kurekebisha saini.

*Inamfaa* mwenye zamu za usiku kiwandani, mzazi mwenye watoto wadogo, mgonjwa, na yeyote ambaye rekodi yake ameshaikagua ikawa safi. Pia inamfaa asomaye Kiingereza polepole, kwani anakaa na karatasi jikoni wiki nzima akiulizia kila pendekezo linalopigiwa kura. Haimfai aliyehama mwezi uliopita. Na Texas usiihesabu mpaka uwe na miaka 65, ulemavu au ugonjwa, utakuwa nje ya kaunti, au una sababu nyingine chache zilizotajwa na sheria.

2. Kuipokea kwa posta, kuirudisha kwa mkono

*Kosa linajitokeza wapi.* Pale pale kama njia ya kwanza, mezani kwa karani. Watu hukosea hapa: sanduku la kudondoshea bahasha za kura linakuokoa na ucheleweshaji wa posta, ila saini au namba isiyofanana haligusi.

*Unathibitishwa kwa kitu gani.* Bahasha ni ile ile, masharti ni yale yale.

*Kurekebisha.* Unapata siku ambazo posta ingezila. Ukidondosha Jumatatu asubuhi, mara nyingi siku moja mbili baadaye mfumo unaonyesha imepokelewa. Ukiipeleka mkononi kwenye ofisi ya uchaguzi ya kaunti, mwombe karani aitazame bahasha kabla hujaondoka: saini ipo, tarehe ipo, namba ipo? Hilo halichukui dakika, na bahasha zinazokataliwa kwa kukosa saini kabisa ni nyingi kuliko unavyodhani.

*Ulinzi.* Masanduku haya ni ya chuma, mengi yana kamera, na hufunguliwa na timu badala ya mtu mmoja. Oktoba 2024 mtu alitia moto masanduku mawili, moja Portland ya Oregon na jingine Vancouver ya Washington. La Portland lilikuwa na kizimamoto cha ndani kilichofanya kazi, zikaharibika kura 3. La Vancouver ziliharibika mamia. Maofisa waliwatafuta waliotambulika, na aliyeona kwenye ukurasa wa kufuatilia kwamba yake haijapokelewa aliweza kuomba karatasi nyingine. Ndiyo sababu kufuatilia kuna maana hata kwa aliyetumia sanduku.

Nani anaruhusiwa kukupelekea ni sheria ya jimbo. California inaruhusu umkabidhi mtu unayemwamini. North Carolina inataka ndugu wa karibu au mlezi. Texas haina masanduku kabisa: bahasha ya posta hupelekwa kwa mkono na mwenyewe tu, ofisini, siku ya uchaguzi, kwa kitambulisho. Georgia imeyaingiza ndani ya majengo ya kura za mapema, kwa saa za kazi.

*Inamfaa* mtu wa majimbo ya magharibi ambako karatasi inakuja yenyewe, na aliyechelewa kuamua hadi wiki ya mwisho.

3. Mapema, ana kwa ana

*Kosa linajitokeza wapi.* Mbele yako. Karani anaskani leseni au anaandika jina, na kama halipo unaiona sura yake ikibadilika.

*Unathibitishwa kwa kitu gani.* Majimbo mengi huomba kitambulisho, mengine hutosheka na jina, anwani na saini. Texas inataka kimoja kati ya vitambulisho saba vyenye picha, na cheti cha uraia chenye picha ni kimojawapo. Jina la kitambulisho lisipofanana sawasawa na la daftari lakini linakaribiana, unaweka herufi zako kwenye kisanduku cha kiapo na unapiga kura ya kawaida. Kwa hiyo Mohamed na Muhammad, ambao kwenye mfumo wa herufi kwa herufi wangekuwa watu wawili, mbele ya karani ni mtu mmoja.

*Kurekebisha.* Hapa ndipo njia hii inapozidi kwa mtu wa majina yenye utata. Kosa likionekana Jumanne ya wiki mbili kabla, unarudi nyumbani kuchukua cheti, unapiga simu kaunti, unarudi Alhamisi. North Carolina wanakuruhusu hata kujiandikisha kipindi hicho hicho, kwenye kituo hicho hicho. Karani akisema "haupo", usiondoke. Mwambie atafute kwa tarehe ya kuzaliwa, kisha aweke kila jina lako kuwa la mwisho kwa zamu, kisha ajaribu bila alama ya ng', kisha tarehe yenyewe ageuze siku na mwezi. Si haki kwamba wewe ndiwe umfundishe, lakini mara nyingi hapo ndipo jina hutokea.

*Ulinzi.* Karatasi inaingia kwenye mashine ukiiona, na daftari la kielektroniki linakutia alama ya kupiga. Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo limeonekana juzi tu. Mwaka 2024 Allison Riggs alishinda kiti cha Mahakama ya Juu ya North Carolina kwa kura 734. Mpinzani wake, Jefferson Griffin, alitaka kura zaidi ya 60,000 zifutwe, nyingi kwa madai kwamba rekodi za waliozipiga hazikuwa na namba ya leseni wala tarakimu za soshali. Waliolengwa walikuwa waliopiga mapema na kwa posta, kwa sababu jimboni humo karatasi hizo zinaweza kutafutwa na kutolewa baadaye. Za siku ya uchaguzi zikishaingia haziwezi kutambulika. Wengi hawakuwa na kosa lolote, fomu ya zamani ya jimbo haikueleza kwamba namba ni lazima. Mei 2025 jaji wa shirikisho aliamua dhidi ya Griffin, naye akakubali kushindwa. Kura zikahesabiwa, lakini watu walikaa miezi sita wakitafuta majina yao kwenye orodha mtandaoni.

*Inamfaa* mpiga kura wa mara ya kwanza, aliyebadilisha jina baada ya ndoa au siku ya kuapa, mwenye Januari 1, na yeyote asiyeiamini saini yake. Alabama, Mississippi na New Hampshire hawana kipindi hiki.

4. Siku yenyewe, kituoni

*Kosa linajitokeza wapi.* Mbele yako pia, ila saa zinahesabika, na nyuma yako kuna foleni.

*Unathibitishwa kwa kitu gani.* Kama njia ya tatu. Tofauti ni kwamba sehemu nyingi unafungwa kwenye kituo cha mtaa wako. Anwani ya zamani inakupeleka kituo kisicho chako.

*Kurekebisha.* Sheria ile ya 2002 inakupa haki ya kura ya masharti: unapiga, karatasi inafungwa kwenye bahasha, inakaa pembeni mpaka daftari likaguliwe. Usikubali kufukuzwa bila kupewa. Lakini usiikimbilie pia, maana si kura mpaka ihakikiwe, na kuna majimbo yanayoitupa yote ikiwa ulikuwa kituo kisicho chako. Uliza kwanza kama kuna kituo sahihi cha kwenda. Ukiipiga, shika karatasi yenye namba ya kuulizia na siku ya mwisho ya kupeleka kitambulisho. Texas ni siku 6.

Katika majimbo ya kujiandikisha siku hiyo hiyo, Minnesota na Maine yakiwa yameanza tangu miaka ya 1970, karibu kila kosa la daftari linatibika pale mezani: unajiandikisha upya. Minnesota hata usipokuwa na hati ya makazi, jirani wa mtaa wako wa kura aliyeandikishwa anaweza kula kiapo kwamba anakufahamu unakaa hapo. Texas usajili unafungwa siku 30 kabla, na hapo hakuna cha jirani.

*Ulinzi.* Kura haisafiri, haisubiri, haiwezi kutolewa tena sandukuni kwa jina lako. Hatari yake ni ya upande mwingine: mtoto kuugua, zamu kubadilishwa, mvua, mashine kuharibika. Ukikosa, umekosa.

*Inamfaa* mwenye rekodi safi anayekaa karibu na kituo, aliye kwenye jimbo la usajili wa siku hiyo, na anayetaka kuona wagombea wamefika mwisho wa kampeni ndipo aamue.

Kwa hali yako

Kama una wiki sita au zaidi, usichague njia kwanza. Fungua ukurasa wa wapiga kura wa jimbo lako, tafuta rekodi yako, linganisha jina, tarehe, anwani na hali ya "hai" na leseni uliyonayo mkononi. Ukikuta kosa, tuma fomu ya kurekebisha na hifadhi picha ya uthibitisho. Sheria ya shirikisho ya 1993 ya usajili wa wapiga kura inakataza majimbo kuendesha ufutaji wa jumla ndani ya siku 90 kabla ya uchaguzi wa shirikisho, lakini mahakama zimewahi kutofautiana kuhusu mipaka yake: Virginia iliruhusiwa na Mahakama ya Juu Oktoba 2024 kuendelea na wake wa watu 1,600 hivi. Kwa hiyo itazame rekodi tena mwezi Oktoba.

Kama uliapa uraia baada ya kuchukua leseni, kapeleke cheti ofisi ya leseni wabadilishe hadhi yako, kisha chagua mapema ana kwa ana mwaka huu ukiwa na cheti mfukoni. Posta iwe mwaka ujao, rekodi ikishatulia.

Kama mama au mzee nyumbani hasomi Kiingereza: sheria ya haki za kupiga kura ya 1965, kwa marekebisho ya 1982, inamruhusu asiyeweza kusoma au kuandika aingie na msaidizi anayemtaka, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Kiswahili hakimo kwenye lugha ambazo kaunti hulazimishwa kuzitafsiria, kwa hiyo msaidizi huyo ni wewe. Kwa posta, keti naye, soma kwa sauti, acha atie alama mwenyewe, na aweke saini kama ile ya leseni. Kama hutia dole gumba au alama, ulizia kaunti utaratibu wa shahidi kabla ya kufunga bahasha.

Kama umeomba karatasi ya posta kisha umebadili mawazo, nenda nayo kituoni uikabidhi. Ukiiacha nyumbani, sehemu nyingi utapewa ya masharti, kwa kuwa daftari linaonyesha una karatasi nje.

Kama unaishi Mombasa au Dar es Salaam lakini ni raia wa Marekani, jaza ombi la wapiga kura wa ng'ambo kila mwaka. Kaunti ya mwisho ulikoishi inapaswa kukutumia karatasi siku 45 kabla, kwa barua pepe ukiomba. Isipofika, kuna karatasi ya dharura ya shirikisho ya kuandika majina kwa mkono.

Na kama umeshatuma, ukurasa unaonyesha "imekataliwa" au "ina tatizo la saini", piga simu kaunti siku hiyo hiyo, uulize mambo matatu: tatizo ni nini hasa, fomu ya kurekebisha inapatikana wapi, na saa ya mwisho ni ipi. Andika jina la karani na saa uliyopiga. Ikiwa jimbo halina utaratibu wa kurekebisha na vituo bado havijafungwa, uliza kama unaweza kwenda kupiga ya masharti.